Mizigo Irudi Relini, Lakini Dereva Asiachwe Barabarani



Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa matawi hapa Tororo. Tulipofika kwenye mengineyo nilisimama nikasema kwamba chama hakina budi kuunga mkono reli mpya ya kutoka Malaba hadi Kampala, ili mizigo ihame kutoka kwenye malori na kurudi kwenye treni. Nilieleza habari za moshi, nikaeleza habari za dizeli. Watu wa miwa wakapiga makofi, watu wa saruji nao wakapiga makofi. Nikiwa nataka kuketi, ndugu mmoja dereva wa lori, mtu wa makamo aliyeendesha njia ya Mombasa zaidi ya miaka ishirini, alisimama nyuma kabisa ya ukumbi akaniuliza: "Ndugu Katibu, hiyo treni ikija, watoto wangu watakula mataruma?"

Ukumbi mzima ulicheka. Yeye hakucheka. Nami sikuwa na jibu. Nilisema maneno mawili matatu ya kujikosha, mwenyekiti akafunga mkutano, tukaenda kunywa chai. Lakini swali lile nililala nalo, nikaamka nalo, na makala haya ndiyo jibu langu. Kama halitoshi, aniandikie.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mwezi wa Oktoba 2024 Serikali ya Uganda ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, wa kujenga reli pana ya SGR ya kilomita 272 kutoka Malaba mpakani hadi Kampala. Bei yake ni yuro bilioni 2.7. Treni zake zitakwenda kwa nguvu za umeme. Wenzetu wa Kenya walikwisha jenga yao kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018, kisha ikafika karibu na Naivasha mwaka 2019. Hapo ikakoma, na Kenya imetangaza kwamba itaiendeleza mpaka Kisumu na Malaba. Wenzetu wa Tanzania nao wana treni ya umeme tangu mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Kwa hiyo hili si jambo la ndoto tena. Linakuja, na anayefikiri kwamba halitamgusa kwa sababu yeye anachuma chai au anapakia mifuko ya saruji, anajidanganya.

Uganda haina bahari. Chuma, ngano, mbolea, dawa ya kunyunyizia shamba, vipuri vya mashine ya kiwanda chako, dizeli ya jenereta, vyote vinapanda kutoka Mombasa, safari ya karibu kilomita 1,200. Kahawa, chai na sukari hushuka kwa njia ile ile. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo sasa iko barabarani. Simama Malaba asubuhi moja tu utazame. Malori yamepangana kama siafu, injini zinanguruma zikiwa zimesimama, na moshi mweusi unaingia mpaka ndani ya sufuria za akina mama wanaopika kando ya barabara.

Sasa moshi huo. Dereva yule, baada ya mkutano, aliniambia kwamba lori lake likipanda na mzigo na kurudi tena Mombasa hunywa zaidi ya lita elfu moja za dizeli. Kila lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ya ukaa. Mtu atashangaa, lita ya dizeli haifikii kilo moja, inawezaje kutoa hewa ya kilo mbili na nusu? Ni kwa sababu kaboni iliyomo ndani ya mafuta ikiungua hushikana na oksijeni ya angani, na oksijeni hiyo ndiyo inayoongeza uzito. Basi piga hesabu. Lori moja, safari moja ya kwenda na kurudi, ni zaidi ya tani mbili na nusu za hewa hiyo ambayo haionekani kwa macho, lakini inakaa juu kama blanketi na kuzuia joto la dunia lisitoke.

Treni hufanya kazi ile ile kwa mafuta machache sana. Aliyewahi kusukuma toroli lenye gurudumu lisilo na upepo anajua jambo hili bila kusoma kitabu. Gurudumu la mpira likibeba mzigo hubonyea, na nguvu nyingi hupotea katika kule kubonyea. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei. Ndiyo maana katika mashamba ya mkonge ya zamani watu wachache waliweza kusukuma kitoroli cha reli kilichojaa majani ambayo wasingeweza kuyabeba kwa mgongo siku nzima. Shirika la Kimataifa la Nishati, katika taarifa yake ya mwaka 2019, lilieleza kwamba reli za dunia zinabeba sehemu 7 katika kila 100 za mizigo na sehemu 8 katika kila 100 za abiria, na bado zinatumia sehemu 2 tu katika kila 100 za nishati yote ya uchukuzi. Treni moja ya mizigo ya pale Mombasa huvuta makontena zaidi ya 100 ya futi ishirini kwa mara moja. Lori hubeba mawili.

Na hiyo ya Kenya inatumia dizeli. Yetu itatumia umeme, na umeme wa Uganda kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji ya mto Nile: Owen Falls ya tangu mwaka 1954, kisha Kiira, Bujagali, Isimba, na Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa mwaka 2024. Maana yake ni kwamba kontena la mbolea linaweza kutoka Malaba hadi Kampala likivutwa na maji ya Jinja, bila tone la dizeli iliyonunuliwa ng'ambo kwa dola.

Najua kuna ndugu watakaosema: moshi wa dunia si wetu. Wana haki. Waliochoma makaa ya mawe kwa miaka mia mbili na kujenga viwanda vyao kwa moshi huo ni Ulaya na Marekani, na bara zima la Afrika hata leo linatoa chini ya sehemu 5 katika kila 100 za hewa hiyo. Hata malori yote ya Malaba yakizimwa kesho, barafu ya milima haitarudi. Mtu akija kwenye shamba la chai kumhubiria mchumaji kwamba yeye ndiye anayeharibu dunia, mfukuzeni kwa heshima.

Lakini anayeharibiwa ni nani? Mlima Elgon tunauona kutoka hapa. Mwezi wa Machi 2010 kijiji cha Nametsi kule Bududa kilifunikwa na udongo pamoja na watu wake. Bududa ikapigwa tena Oktoba 2018. Mbale ilizama mwezi wa Julai 2022. Bulambuli ikafuata Novemba 2024. Ni kweli kwamba miteremko ile imekatwa miti na imelimwa mpaka ukingoni, hilo nalo tulitaje. Lakini mvua za namna hii, zinazomwaga maji ya mwezi kwa usiku mmoja kisha zinaadimika wakati zinapotakiwa, ndizo wataalamu wanazosema zitazidi dunia inavyozidi joto. Na mvua ikikosa, mchumaji wa chai anayelipwa kwa kilo anarudi nyumbani na kikapu chepesi. Mwajiri ana bima na ana benki. Mchumaji hana bima ya jua.

Nina sababu nyingine, na hii nimeipata mezani, si kwenye vitabu. Kila mara tunapokaa na waajiri kuzungumza mshahara, kuna wimbo mmoja ambao hauishi. Tukidai nyongeza, bwana mkubwa anafungua faili na kusema: "Tungependa, lakini gharama ya uchukuzi imetumaliza." Nimeusikia katika kiwanda cha kwanza nilichofanya kazi nikiwa kibarua, na nausikia leo nikiwa katibu. Mafuta yakipanda, wimbo unapanda. Mafuta yakishuka, unaendelea vile vile. Siku moja nilimwuliza mwajiri mmoja, "Bwana, na uchukuzi ukipungua utatuongeza?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa juu ya posa ya binti yake.

Kwa hiyo reli ikija, mimi nataka wimbo huo tuumalize. Tuandike tangu sasa katika mikataba yetu ya pamoja kwamba gharama ya uchukuzi ikishuka kwa sababu ya treni, sehemu ya nafuu hiyo iingie kwenye mshahara. Tusiposema sasa, fedha hizo zitateremka mfukoni mwa wenye mali kimya kimya, na mwaka unaofuata watabuni wimbo mwingine.

Turudi kwa dereva.

Mimi nimezaliwa kwenye landi za reli. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa genge, wale wanaotembea na nyundo na wrenchi ndefu wakikaza misumari na kubadili mataruma yaliyooza. Tuliishi chumba kimoja watu saba. Treni ya mizigo ikipita usiku vikombe vilitetemeka juu ya meza, na mama alikuwa akituambia kwamba hiyo ndiyo sauti ya unga. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, ada ikaisha. Hayo machache niliyonayo niliyapata kwa fedha za reli. Kwa hiyo nakiri kwamba ninaipenda, na msomaji ajue hivyo anapopima maneno yangu.

Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Wakoloni waliijenga kwa faida yao, wala hatudanganyani. Mwaka 1956 wakaifikisha Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Hata hivyo, baada ya uhuru ilikuwa mali yetu sote wa Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikachukua mabehewa yake kama watoto wanaogombania vyombo vya marehemu. Baada ya hapo vita, uchakavu, vipuri hakuna. Mizigo ikahamia barabarani. Mwaka 2006 serikali za Kenya na Uganda ziliikabidhi kwa kampuni ya watu binafsi kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo haukufika hata nusu. Kenya iliuvunja mwaka 2017, na Uganda ikairudisha reli kwa shirika lake la umma.

Ninayasema haya ili vijana wajue kwamba malori hayakushinda reli kwa sababu ni bora. Reli iliachwa ikafa njaa. Genge likipunguzwa, msumari mmoja ukilegea hakuna wa kuukaza, treni inaambiwa ipunguze mwendo, mfanyabiashara anachoka kungoja, anaita lori. Hivyo ndivyo mzigo ulivyohama, msumari kwa msumari. Na reli mpya ya yuro bilioni 2.7 itakufa kwa njia hiyo hiyo kama watafikiri kwamba reli ni kukata utepe tu.

Sasa mfano wa Mombasa, ambao nawaomba tuuangalie kwa makini kwa sababu ni wa jirani na bado ni mbichi. SGR ya Kenya ilijengwa kwa mkopo mkubwa wa China, na ili mkopo ulipwe ilibidi treni zijae. Mizigo haikuja kwa hiari ya kutosha. Basi mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba makontena ya bara yapande treni, mtu apende asipende. Fikirini kilichotokea. Madereva, mataniboi, makarani wa forodha, wenye maghala, wapakuaji, mafundi wa matairi, wapika chakula wa Mariakani na Mtito Andei, wote waliona riziki yao inapita mbele ya macho yao ndani ya mabehewa bila kusimama. Mombasa iliandamana. Amri ikasimamishwa Oktoba mwaka ule ule. Mwaka 2020 ikaja amri nyingine juu ya mizigo ya kwetu, ya Uganda na nchi za jirani, kwamba ipitie Naivasha, na wafanyabiashara wa Kampala wakapiga kelele. Mwezi wa Novemba 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuwalazimisha watu kutumia SGR hakukuwa halali. Na mwezi wa Septemba 2022 Rais mpya wa Kenya, siku alipoapishwa, alitangaza kurudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa.

Nani alishinda katika ugomvi ule? Wengine watasema Mombasa. Mimi nasema kilichoshindwa ni uchukuzi wa reli. Kitu chema kilipelekwa kwa watu kama kiboko, kikachukiwa kama kiboko. Mfanyakazi wa barabara aliwekwa upande mmoja na mfanyakazi wa reli upande mwingine, wakatazamana kama maadui, na hali wote wawili wanalipwa kidogo na wote wawili hawakuulizwa.

Hili la kutoulizwa ndilo kosa lenyewe. Wapo wanaofikiri kwamba dereva ni mtu asiyeelewa mambo ya hewa. Dereva anaelewa kuliko wengi wetu, kwa maana anavuta moshi huo kutwa kucha. Anajua usingizi wa kwenye usukani. Mwaka 2020 wakati wa ugonjwa wa Korona alisimama kwenye foleni ya makumi ya kilomita pale Malaba akingoja kupimwa, akitukanwa na kila mtu kwamba ndiye analeta maradhi, wakati chumvi na dawa zilikuwa zinaingia nchini kwa mkono wake. Anajua pia habari za matangi ya mafuta. Mwezi wa Januari 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, tangi lilipinduka, watu wakakimbilia mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Morogoro mwezi wa Agosti 2019, hivyo hivyo, zaidi ya 100. Hapa kwetu Kigogwa, Oktoba 2024. Hakuna dereva wa tangi asiyeyakumbuka majina hayo anaposhuka mteremko. Mkimwambia kwamba mafuta yatasafiri kwa reli na kwa meli za ziwani, hatakataa kwa moyo. Atauliza tu, na mimi je?

Jibu langu la kwanza ni hili. Treni haifiki mlangoni. Haiingii kila kiwanda, haipandi kwenye kila shamba la chai, haifiki kwenye duka la mbolea. Kontena likishushwa stesheni lazima kuwe na lori la kulipeleka kilomita kumi, thelathini, themanini. Kazi ya dereva haitaisha, itakuwa fupi. Na safari fupi maana yake ni kulala nyumbani, kuwaona watoto, kutolala na gari pembeni ya barabara mbali na mke. Lakini safari fupi maana yake pia ni kwamba dereva anayelipwa kwa safari, kwa posho ya njia ndefu, atapoteza posho hiyo. Hapo ndipo penye vita. Dereva lazima alipwe kwa mwezi, mshahara wa kueleweka, kabla kontena la kwanza halijashuka kwenye treni. Chama cha uchukuzi kikingoja treni ifike ndipo kidai, kitakuwa kinadai kwa mwajiri ambaye ana madereva watano wanaogombania lori moja.

Jibu la pili ni gumu, nami sitalificha. Wako ambao hawatapata nafasi. Malori yatakuwa machache kwenye njia ndefu. Kwa hao ninadai kwamba mkataba wa kuendesha reli uwe na kifungu kinachosema nani ataajiriwa kwanza. Dereva wa lori mwenye umri wa miaka thelathini anaweza kufundishwa kuendesha kreni ya makontena, au kufanya kazi ya ishara na kupanga mabehewa. Mwenye miaka hamsini na mitano apewe kiinua mgongo cha haki na si shukrani. Fedha zitatoka wapi? Kuna nchi iliyoonyesha njia, na kwa bahati ni nchi isiyo na bahari kama yetu. Uswisi ilikuwa inapitiwa na malori ya Ulaya nzima milimani. Mwaka 1994 wananchi wenyewe walipiga kura kwamba mizigo ya kupita ihamie kwenye reli. Kuanzia mwaka 2001 kila lori kubwa likawa linalipa kwa kilomita na kwa uzito, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikasaidia kuchimba njia za treni chini ya milima, pamoja na ile ya Gotthard ya kilomita 57 iliyofunguliwa mwaka 2016. Malori ya kuvuka milima yalikuwa milioni 1.4 kwa mwaka 2000. Leo hayafiki milioni moja. Angalieni mpango: kwanza kura, kisha ada kwa mwenye lori, kisha reli iliyo nzuri kiasi kwamba mfanyabiashara anaipenda mwenyewe. Sisemi tuige kila kitu, Uswisi ni tajiri na sisi tunakopa. Nasema tu kwamba ada ikilipwa na mwenye malori mia mbili, sehemu yake inaweza kumlipa dereva anayeachishwa, badala ya dereva kuambiwa kwamba dunia inaokolewa kwa tumbo lake.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa chama hawezi kuacha kuliona. Barabara inatawanya wafanyakazi. Kila dereva yuko peke yake ndani ya kibanda chake, leo Eldoret, kesho Mbarara. Kumwandikisha mmoja kunanichukua wiki, na nikimpata ameshabadili tajiri. Reli inakusanya watu. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli pale Mombasa waligoma pamoja siku kumi na mbili, maelfu kwa maelfu, na Serikali ya kikoloni ikatetemeka. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, wakamkamata na kumhamisha mbali mwaka huo huo. Waliweza kwa sababu walikuwa mahali pamoja na walijuana. Penye stesheni kubwa, penye karakana, penye kituo cha makontena, hapo chama kina pa kusimama. Nadhani baadhi ya wenye mali wanalijua hilo vizuri, na ndiyo maana hawana haraka na treni.

Nanyi watu wa mashamba, msikae pembeni mkisema hii ni kesi ya madereva. Njia ya reli itapita kwenye ardhi ya watu, na fidia huchelewa au humfikia mwenye hati na kumruka mpangaji. Ulizeni pia kama kiwanda chenu cha sukari kitapata tawi la reli la kuingia ndani. Kikikosa, sukari yote itaendelea kuondoka kwa lori na wimbo wa uchukuzi mtaendelea kuusikia. Na ile reli nyembamba ya zamani, pamoja na tawi la kutoka Tororo kwenda Gulu na Pakwach, isiuzwe chuma chakavu kwa kisingizio kwamba mpya inakuja. Yuro bilioni 2.7 ni deni. Litalipwa na kodi iliyomo kwenye sabuni na chumvi tunayonunua, tupande treni tusipande. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza.

Nimewaandikia makatibu wa matawi yote ya njia ya Malaba na Jinja, pamoja na ndugu zetu wa chama cha reli na chama cha uchukuzi, kwamba tukae meza moja kabla Serikali haijachagua nani ataendesha treni hizo. Matawi mawili yamekwisha jibu. Moja limesema halina nauli ya kutuma mjumbe. Nalo nimelijibu kwamba waje wawili kwa pikipiki moja, chama kitarudisha petroli. Tutakutana Tororo Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, saa nane mchana, ukumbi ule ule. Dereva wangu nimemwomba awe msemaji wa kwanza, kabla yangu mimi. Amekubali, ila amesema tusimngoje sana, maana siku hiyo atakuwa anapanda na mzigo wa mbolea, na hajui foleni ya Malaba itamwachia saa ngapi.